Nionyeshe Chumvi

Muuza vitabu vikuukuu aliyetandaza turubai lake nyuma ya soko la Kariakoo alikuwa akimwogopa mwenye nyumba wangu. Wateja wengine waliuliza bei. Mama huyu alichuchumaa, akachagua kitabu chochote chenye picha ya sufuria kwenye jalada, akamnyooshea yule bwana na kumwambia, "Nionyeshe chumvi."

"Chumvi gani tena, mama? Hiki ni kitabu."

"Nimeona kuwa ni kitabu. Chumvi yake iko wapi?"

Basi bwana wa watu anafunua kurasa, ananiangalia mimi niliyesimama nyuma na kikapu nikijifanya mpita njia, anafunua tena. Kitabu kikisema "chumvi kiasi", kilirudishwa chini kifudifudi. Kikisema "kijiko kimoja cha chai", nilipewa mimi nisome kwa sauti, halafu likaja swali ambalo hakuna kitabu kilichowahi kumjibu akaridhika: kijiko cha kujaa, au cha kusawazisha kwa kidole?

Tulimwita Mama Mwenye Nyumba, sisi tuliopanga vyumba vyake na hata wasiopanga. Miaka ile ya Ujamaa mimi nilikuwa bibi harusi mpya, nimeshuka na basi kutoka Moshi, nina cheti cha kidato cha nne na sina kingine. Mume wangu alifanya kazi bandarini. Alikuwa akila nilichopika kwa moyo wa kujitolea, kama mtu aliyeitwa kwenye ujenzi wa taifa. Kutoka nyumbani sikupenda. Wanawake wa uani walisema siku nikienda hadi Mnazi Mmoja itabidi nisomewe dua ya safari. Mama Mwenye Nyumba aliniita Fomu Foo, na jina likanikaa hata mume wangu akaanza kulitumia akikasirika.

Mama alinichagua kwa kazi hiyo ya vitabu kwa sababu ya cheti changu na kwa sababu ya upishi wangu, vyote viwili. Nieleze.

Kama mwaka mmoja kabla sijahamia, alipata homa iliyomlaza wiki tatu. Ilipoondoka, iliondoka na ulimi wake. Si kusema, kusema kulibaki, na majirani walisema kuliongezeka. Ilichoondoka nacho ni ladha. Harufu pia. Chumvi ilikuwa mchanga, sukari ilikuwa mchanga, pilipili ilimchoma bila kumwambia lolote. Chai alitia sukari kwa kuheshimu desturi tu.

Sasa mtu mwingine angesikitika, akala uji wake, yakaisha. Lakini huyu alikuwa mpishi mkuu wa shughuli. Kuanzia mtaa wetu mpaka karibu na Mnazi Mmoja, hakuna arusi, hitima wala maulidi yaliyopangiwa siku kabla hajaulizwa yeye ana nafasi. Watu walikuwa wakimfuata asubuhi na mapema, wanavua viatu mlangoni, wanaanza na "Shikamoo" ndefu. Hakulipwa, na angetukana mtu ambaye angejaribu kumlipa. Alikuwa akisema, "Nyumba hii niliachiwa na marehemu. Mwiko nimejipa mwenyewe." Na ilieleweka na kila mtu, kuanzia yeye, kwamba ikijulikana mpishi mkuu haonji, mwiko utahamia mkono mwingine kabla ya Ijumaa.

Aliniambia siri hiyo siku moja mchana, uani, huku akichambua mchele, kwa sauti ile ile ya kuniambia nisimwage maji ya sabuni karibu na mchaichai wake. Nikamwuliza kwa nini ananiambia mimi, mtu wa kuja.

"Kwa sababu wewe hujui kupika," akasema. "Ukienda kutangaza, nani atakuamini?"

Nilitafuta kosa katika hoja hiyo. Sikulipata.

Vitabu vilikuja hivi. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na alisoma kama anavyochambua mchele, silabi moja moja, mbovu anaitupa. Kijitabu chake cha kwanza kilikuwa cha Kiswahili, chembamba, cha kufundishia akina mama mapishi mepesi: supu ya viazi, mayai ya kukoroga, wali wa karoti. Vitu ambavyo yeye aliweza kuvipika akiwa amefungwa kitambaa machoni. Hakukifuata kwa ajili ya kupika. Alikifuata kwa ajili ya vipimo. Kama ulimi umekufa, alifikiri, basi kuna watu mahali fulani walioonja kwa niaba yake, wakaandika. Kazi yake ni kutii.

Akafungua ukurasa wa kwanza, supu ya viazi. Viazi vitano. Kitunguu kimoja. Maji vikombe vinne. Chumvi kiasi.

"Kiasi cha nani?" akaniuliza.

"Kiasi unachopenda, Mama."

"Ningekuwa najua ninachopenda ningenunua kitabu?"

Akakifunga. Nadhani alijisikia kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa nenda unakokwenda. Tangu siku hiyo akaanza safari za kwenye turubai, kuwatafuta waandishi wenye msimamo. Aliwapata zaidi kwenye vitabu vya Kiingereza, vile vilivyoachwa na wazungu waliohama. Hivyo nilitafsiri mimi. Na hapo mambo yakawa matamu, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa cha kujibia mtihani, hakikuwahi kuingia jikoni.

Kitabu kimoja kilisema biskuti zipikwe hadi ziwe rangi ya dhahabu. Akaniuliza dhahabu ya wapi, ya sonara au ya jino? Akamwita mpangaji wa chumba cha mbele, aliyekuwa na jino la dhahabu, akamwambia atabasamu. Mama wa watu akatabasamu kwa heshima, hajui kosa lake. Mama Mwenye Nyumba akaweka biskuti karibu na mdomo wake, akaangalia biskuti, akaangalia jino. "Bado," akasema, akairudisha jikoni.

Keki nayo. Kitabu kilitaka jiko la joto la mia tatu na hamsini.

"Mia tatu na hamsini ya nini?"

"Nyuzi za joto, Mama."

"Zinapimwa na nini?"

Nikamweleza habari za tanuri la umeme lenye kitufe chenye namba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama jiko lake la mkaa, na sufuria yake ambayo ilibebeshwa makaa juu ya kifuniko ili keki iive pande zote. Hakukata tamaa. Kwa siku kadhaa alikuwa akitia kipande cha gazeti ndani ya sufuria tupu, anafunika, anahesabu kwa sauti. Gazeti likigeuka kahawia kabla ya hamsini, moto ni mkali. Likibaki jeupe hadi mia na ishirini, moto umelala. Katikati hapo ndipo palipokuwa pa kitabu. Keki iliumuka. Ila kabla ya kuchana gazeti alihakikisha kipande hakina picha ya kiongozi yeyote, maana balozi wa nyumba kumi alikaa mkabala na sisi na madirisha yake yalikuwa wazi muda wote.

Nimesema alitii. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote kwake, na sijamaliza kulishangaa. Katika mambo mengine yote hakumsikiliza mtu. Mashehe walimshauri, akawaitikia "inshallah" na kufanya yake. Kwenye foleni ya duka la ushirika alimfundisha mwenye duka kupima unga. Lakini mbele ya kitabu alikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alinawa mikono kabla ya kukifungua. Kitabu kikisema koroga dakika tatu, alinituma nikaangalie saa ya mume wangu. Kikisema yai moja, aliniuliza la kuku gani, wa kienyeji au wa kizungu, akasikitika kwamba mwandishi, mtu mwenye akili vile, hakufikiria jambo hilo. Siagi haikuwepo madukani miezi na miezi. Akitia samli badala yake alikiomba kitabu radhi. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Utanisamehe," alikiambia, "hata sisi tunashangaa."

Siri yetu ilifanya kazi hivi. Nyumbani tulipika kidogo kidogo, kilo moja ya mchele, kijiko kimoja, viwili, hata vitano, vya kusawazisha. Mimi nilionja. Niliruhusiwa maneno matatu tu: pungufu, imekaa, imezidi. Nilipojaribu siku moja kusema "ina utamu fulani hivi", alinikata: "Usinipambie." Nikaandika kila jaribio kwenye daftari la mistari. Tukagundua kwamba vijiko arobaini na vinane vya chai vinajaza kikombe kimoja cha bati, jambo lililomfurahisha kama mtu aliyepata mtoto. Kutoka hapo tukapata hesabu ya sufuria kubwa: mchele kilo ishirini, chumvi vikombe viwili vya bati, kwenye supu, kabla ya mchele kuingia.

Kwenye shughuli yenyewe mimi nilikaa na wamenya vitunguu. Yeye alisimama penye moto, akapima kwa kikombe chake huku akipiga soga ili pasiwe na anayehesabu, kisha akafanya alichokuwa akifanya miaka yote. Alichota supu kwa mwiko, akadondosha tone kwenye kiganja cha kushoto, akalilamba, akafumba macho. Akafungua macho. "Imekaa," alisema. Wanawake wakashusha pumzi. Huo ulikuwa mchezo mtupu. Alilamba kiganja tu. Na ilikuwa imekaa kweli, arusi baada ya arusi, hata nikaanza kujiona kwamba nusu ya mwiko ule ni wangu. Mtu asiyeweza kupika maharage.

Pembeni yake daima alisimama msaidizi wake, mama mmoja wa Lindi, mkimya, aliyekuwa naye kwenye masufuria tangu wote wakiwa wasichana. Desturi ilikuwa kwamba mkuu anaonja kwanza, msaidizi anafuata, na msaidizi hapingi. Mama huyo alimwita "dada" na hakuwahi kumpinga.

Sasa nije kwenye arusi ile.

Ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wakati huo chumvi iliyopatikana ilikuwa ya mawe tu, ile ya chengachenga, na daftari letu zima lilijengwa juu ya hiyo. Mjomba wa bwana harusi, mtu wa safari, akaleta zawadi ya fahari: chumvi ya paketi, laini kama poda, nyeupe kama shuka la hospitali. Wanawake waliipitisha mkono kwa mkono. Mimi mwenyewe niliisifu. Niseme wazi kwamba shuleni nilifundishwa uzito na ujazo, na nilifaulu. Nilijua, au cheti kilijua, kwamba mawe yakiwekwa kikombeni huacha nafasi katikati, na poda haiachi. Nilisimama pale na elimu yangu, nikasema, "Jamani, tazama weupe wake."

Akapima vikombe viwili. Akakoroga. Tone kwenye kiganja, macho yakafumbwa. "Imekaa."

Msaidizi akadondosha lake. Akalamba. Nilimwona taya likisimama. Hakutema, hakukunja uso. Aliinua macho, akaangalia kikombe cha bati, akaangalia paketi, kisha akaniangalia mimi, moja kwa moja, kwa muda wa kutosha mimi kutazama vitunguu.

Halafu akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Dada, nisamehe. Umetia wewe, nami nikatia tena juu yake. Akili yangu leo haipo."

Uani ukacheka. Mwanamke mmoja akauliza, "Miaka yote hiyo jikoni, unatia mara mbili?" Mwingine akajibu, "Mwacheni, labda kaona bwana harusi." Yeye alikwisha anza kupunguza supu kwenye sufuria nyingine, anaongeza maji, anaagiza mchele zaidi. Pilau lilitoka laini kuliko kawaida, lakini lililika lote. Yule mama akabaki na jina. Mara Mbili. Shughuli iliyofuata walimwambia kwa utani akae mbali na chumvi, iliyofuata si kwa utani, akawekwa kumenya vitunguu saumu, jirani yangu. Alimenya vizuri. Hakunisemesha habari ile hata siku moja.

Siku ya pili baada ya arusi Mama Mwenye Nyumba alinikuta nafua.

"Alitia?" akaniuliza.

Nilikamua shati la mume wangu mara tatu zaidi ya lilivyohitaji. "Hakutia, Mama."

"Ilizidi?"

"Ilizidi."

Hakugomba. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa cha kwake kabisa: alienda kuomba chumvi iliyobaki ya paketi, akajaza kikombe kimoja, akajaza kingine cha mawe, akashika kimoja huku na kingine huku, akasimama katikati ya uani akiinua na kushusha mikono kama mizani. "Kumbe," akasema. "Angalia, Fomu Foo. Kumbe." Alikuwa na sura ya mtu aliyeonyeshwa jambo zuri. Kisha sura ikabadilika. Akaweka vikombe chini, akaingia chumbani, na kwa wiki nyingi hakufungua kitabu.

Wiki hizo nilimwona akienda na kurudi kwenye shughuli na mwiko wake, anapima, analamba kiganja, anasema imekaa, na haangalii upande wa vitunguu saumu. Nyumbani alikuwa mkali kwa mambo madogo. Siku moja aliniuliza, bila utangulizi, "Hivi mtu akikufunika nguo hadharani, unamrudishiaje nguo yake?" Nikamwambia vitabu vyetu havina hilo. Hakucheka.

Nguo hiyo aliirudisha kwenye maulidi, mwezi wa mfungo sita, mwaka ule ule. Wanawake wamejaa, moto umewaka masufuria matatu. Alichota supu. Badala ya kuelekeza kwenye kiganja chake, akauelekeza mwiko kule tulikokaa sisi, akamwita msaidizi wake.

"Njoo uonje."

"Dada, nina mikono ya saumu."

"Ulimi una saumu? Njoo."

Mmoja akanung'unika, "Huyo Mara Mbili?" Ndipo Mama Mwenye Nyumba akageuka, mwiko ukidondosha supu kwenye kanga yake mwenyewe.

"Chumvi ya arusi ile niliitia mimi," akasema. "Huyu hakugusa hata chembe. Mimi sionji. Ulimi wangu umekufa, mwaka wa nne huu. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, baadaye ale."

Hakuna aliyecheka. Mwishowe bibi mmoja mzee sana aliyekuwa ameegemea ukuta akauliza, kwa shida ya kweli, "Kwa hiyo miaka yote hii sisi tunakula nini?"

"Mnakula kitabu," akamjibu.

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, na kilitoka kwa yule wa Lindi kwanza, mkimya yule, akicheka hadi akashika magoti. Kisha akaja, akachukua mwiko, akadondosha, akalamba. "Pungufu," akasema. Na mkuu akaongeza. Tangu siku hiyo mmoja alionja na mwingine alipima, na mwiko ulikaa kwa aliyekuwa karibu nao. Kuna waliotaka kumvua ukuu. Sijui ni lini walinyamaza. Nadhani ilikuwa baada ya kula.

Mimi ndiye niliyepoteza kazi. Mwonjaji wa maneno matatu hakuhitajika tena, nikarudi kwenye maharage yangu.

Mara ya mwisho kukaa naye sawasawa ilikuwa miaka mingi baadaye. Sisi tulikuwa tumehamia pengine, yeye amekwenda kuishi kwa binti yake Kigamboni. Nilivuka kivuko cha Magogoni, mimi mtu wa ndani, nimekumbatia mkate wa kumimina ndani ya chombo nilichokifunga kwa kanga mbili. Nilikuwa nimeupika mwenyewe, kwa kufuata kitabu, wa kwanza katika maisha yangu kutoka sufuriani ukiwa mzima. Nilifika karibu na nyumba ndipo nikatambua kwamba kati ya watu wote wa Dar es Salaam nimemchagulia mkate huu mtu pekee asiyeweza kuupatia kosa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fomu Foo. Umevuka maji? Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuletea mkate."

Aliukata kwa mkono. Aliuangalia matundu, akaubonyeza, akauweka hata sikioni, sijui alisikia nini. Alikula kipande kizima polepole. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini alinitazama kwa udadisi ule ule wa kwenye turubai.

"Ukoje?"

"Umekaa, Mama."

"Sikuulizi hivyo. Hapa hakuna arusi. Ukoje?"

"Mtamu."

"Mtamu ni salamu. Onja, uniambie."

Nikachukua kipande. Nilikuwa nimekwisha kula vipande viwili nyumbani na sikuwa nimeonja hata kimoja, niliona tu kwamba haukuanguka. Sasa nikatafuna, yeye akinisubiri.

"Inatangulia iliki," nikasema. "Kabla hata sijatafuna. Halafu tui linakuja taratibu, zito, kama limelala. Halafu..." Nikatafuna tena. "Kuna uchungu kidogo. Nadhani niliunguza chini."

"Uchungu uko wapi?"

"Pembeni. Nyuma, kushoto."

Akafumba macho. Niliona shavu lake la kushoto likisogea, ulimi ukitafuta mahali hapo, ukikaa.

"Enhe," akasema. "Endelea."